Saini Yangu Kwenye Kitabu cha Mtarajali

Ijumaa moja, yapata saa tisa na nusu alasiri, mtarajali wetu, mhitimu wa famasia aliye kwenye mafunzo kazini, aliingia ofisini na kitabu chake cha mafunzo kwapani. Jumatatu alikuwa anahamia kituo kingine. "Bosi, naomba unisainie, huko niendako wanakitaka." Nikakifungua. Miezi mitatu aliyokaa kwetu ilikuwa imeandikwa vizuri kwa mkono wake, mstari kwa mstari: kutoa dawa kwa wagonjwa wa nje, kufuata raundi wodini, kuhesabu stoo, kuchanganya dawa za watoto. Safu ya msimamizi ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini. Nilizimaliza kurasa zote kwa dakika kama sita, na katikati nikabadilisha kalamu, ya bluu nikaweka chini nikachukua nyeusi, ili isionekane ni kazi ya mkao mmoja. Kijana akashukuru, nikamtakia heri, nikarudi kwenye makaratasi yangu.

Hospitali siitaji, na haina haja. Mfamasia yeyote aliyewahi kusimamia watarajali anaijua Ijumaa hiyo, na kalamu ya pili anayo mfukoni.

Nikiwa kwenye daladala jioni ile ndipo nilipojiuliza nimesaini nini hasa. Kwamba kijana alikuwepo, sawa. Alikuja zamu zake, hakuchelewa, koti lake jeupe lilikuwa safi. Lakini kwamba ukimwacha peke yake dirishani saa nane za usiku hatamdhuru mtu? Hilo sikulijua. Kitabu hakikuniuliza, nami sikujishughulisha kujua.

Kwa asiyeufahamu utaratibu wetu: shahada ya famasia hapa Tanzania ni miaka minne, na mhitimu akitoka chuoni anatumikia mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ndio huo utarajali, chini ya Baraza la Famasi linalofanya kazi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Bila mwaka huo hakuna usajili kamili. Ukiumaliza, unaweza kupangiwa wilaya ambako mfamasia ni wewe peke yako, na ukikwama hakuna chumba cha pili cha kwenda kubisha hodi. Ndiyo maana mwaka huo ni mzito kuliko miaka minne iliyoutangulia. Na ndio mwaka ambao tunaupima kwa kalenda.

Duniani mjadala umeshahama kutoka kwenye kalenda. Shirikisho la Kimataifa la Famasia, FIP, lilitoa mwongozo wake wa umahiri wa mfamasia mwaka 2012 na kuupitia upya mwaka 2020. Umegawanywa katika mafungu manne: afya ya jamii, huduma kwa mgonjwa mmoja mmoja, uendeshaji na usimamizi, na mwenendo wa kitaaluma. Wazo lenyewe ni jepesi. Badala ya kuuliza mtarajali amekaa wodini miezi mingapi, uliza anaweza kufanya nini, na nani amemwona akikifanya. Nchi mbalimbali zimeuchukua mwongozo huo na kuushona kwa vipimo vyao. Sisi nasi tunauzungumza. Kwenye semina neno umahiri limekuwa kama chumvi, halikosekani sahanini.

Hofu yangu inaanzia hapo, maana wimbo huu tumeshausikia. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa ukawa wa umahiri. Vitabu vikaandikwa upya, walimu wakaambiwa mwanafunzi sasa ndiye kitovu cha somo. Darasa likabaki lile lile, lenye vijana wanaobanana madawati na mwalimu mmoja mwenye chaki. Kilichobadilika zaidi kilikuwa ni maneno ya kwenye andalio la somo. Nina wasiwasi kwamba utarajali unaweza kupita njia hiyo hiyo: kitabu kipya chenye orodha ndefu zaidi ya vitu vya kusaini, na Ijumaa ile ile.

Wala si wazo geni kwetu, ukiondoa maneno ya semina. Nenda Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi seremala. Mwanagenzi anapokelewa, anaanza kwa kufagia vumbi la mbao na kushika ncha ya ubao fundi anapokata. Baadaye anapewa msasa. Baadaye mbao laini za bei rahisi. Mninga hagusi mpaka fundi aione kwa macho yake namna anavyounga kona, kwa sababu mninga ukiharibika hasara ni ya fundi. Hakuna anayemwambia, "Umetimiza miezi sita, chukua mninga." Kuna wanaoupata kwa miezi minne na kuna wanaomaliza mwaka bado wanapiga msasa. Fundi wa Keko hajawahi kuhudhuria semina ya umahiri, ila anajua kwamba anachokikabidhi ni mali na jina lake. Sisi tunakabidhi watu.

Nitoe mfano wa dirishani, maana huko ndiko utarajali unakoonekana ulivyo.

Asubuhi moja, saa nne hivi, bibi mmoja alifika na mjukuu wake wa kilo kumi na tatu mgongoni. Kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, daktari ameandika dawa ya mseto, ile ALu tunayoitumia kama dawa ya kwanza ya malaria tangu 2006. Mtarajali alikuwa dirishani, mimi nimesimama nyuma yake nikijifanya natafuta kitu kwenye rafu. Akasoma cheti, akaangalia uzito ulioandikwa, akachukua pakiti ya watoto, vidonge sita, kimoja kila dozi kwa siku tatu. Sahihi kabisa. Akaandika kwenye bahasha. Akamwamkia bibi, akamwambia: "Bibi, kidonge cha kwanza anywe hapa hapa. Cha pili baada ya saa nane. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni."

Kwa kitabu cha chuoni hapo hakuna kosa. Dozi ya pili ya mseto hutolewa saa nane baada ya ile ya kwanza, na mitihani yetu yote inalitaka jibu hilo. Lakini mimi nilimwona bibi akihesabu kwa vidole, kisha akauliza: "Saa nane ya mchana huu, mwanangu, au ya usiku?"

Umeona? Kwa Kiswahili cha bibi, saa nane ni saa nane: mchana jua likiwa utosini, au usiku mbwa wakibweka. "Baada ya saa nane" ni saa tisa, au wakati wowote ukishapita saa nane. Akirudi nyumbani na maelezo hayo, mtoto atapewa kidonge cha pili baada ya saa tano tu, au ataamshwa usiku wa manane, saa kumi na sita zimeshapita. Asingeuliza, tusingejua. Wengi hawaulizi. Mtu mwenye koti jeupe ameongea, nani atamhoji?

Walimu wa Kiswahili wanatugombeza kila siku kwamba "masaa" ni kosa, wingi wa saa ni saa. Nawaheshimu. Lakini waje wakae dirishani siku moja. "Masaa nane" imewaokoa watoto kuliko sarufi. Na hata hiyo haitoshi. Nilimgusa kijana bega, nikamwambia mweleze bibi kwa saa yake. Akafikiri kidogo. "Bibi, ukisikia adhana ya magharibi inakaribia, mpe cha pili, kwanza anywe uji au maziwa." Kwa sababu saa nne asubuhi ukiongeza saa nane unapata saa kumi na mbili jioni, na bibi yule hana saa ya mkononi ila msikiti uko karibu. Halafu nikamwambia amwombe bibi arudie. Bibi akarudia yote bila kukosea, akaongeza na la uji.

Hicho ndicho ninachokiita umahiri. Hakimo kwenye mtihani wa kuandika, na katika kitabu cha mtarajali kimefichwa ndani ya mstari mmoja uitwao "kutoa ushauri kwa mgonjwa", ambao nimeusaini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Mwaka 1990 Mmarekani George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, alichora piramidi ambayo bado inatumika popote wanapopimwa madaktari na wafamasia. Chini kabisa kuna anayejua. Juu yake anayejua namna ya kufanya. Halafu anayeweza kuonyesha akiombwa. Kileleni yuko anayefanya, kazini, siku ya kawaida, bila kuambiwa anapimwa. Vyuo vyetu vinafika ngazi ya tatu wakijitahidi sana. Ya nne ni ya kwetu sisi wa hospitali, na haiwezi kupimwa na mtu aliyekaa ofisini na kalamu mbili.

Umbali kati ya kujua na kufanya niliuona vizuri zaidi siku nyingine, na sikuufurahia. Mtoto wa siku tisa alikuwa amelazwa, amewekewa dripu yenye kalsiamu, na ikaandikwa antibiotiki ya sindano, seftriaksoni. Kwa mtoto mchanga wa umri huo dawa hiyo na kalsiamu ya mshipani havikutanishwi. Vinaweza kugandana vikaleta madhara ya kuua. Karatasi ilipitia mikononi mwa mtarajali, akaitoa dawa. Muuguzi wa wodi, mama mmoja mwenye miaka mingi kazini, ndiye aliyesita akapiga simu chini kuuliza. Dawa haikuchomwa. Baadaye nilimwita kijana pembeni, nikamuuliza kama alikuwa hajui. Akanieleza yote, mpaka jinsi chumvi ile inavyojitengeneza. Alikuwa ameijibu kwenye mtihani mwaka wa nne. "Sasa mbona hukupiga simu?" Akainamisha kichwa. "Bosi, ameandika bingwa."

Huwezi kumlaumu sana. Tumelelewa hivyo, mdogo hamsahihishi mkubwa, na hospitalini ngazi ya ukubwa inasomeka mpaka kwenye aina ya viatu. Chuoni tulimfundisha kemia ya dawa ile kwa wiki nzima. Namna ya kumpigia simu bingwa, mtu wa kumfundisha hakuwepo, na wa kumsikiliza akijaribu ndio kabisa. Ni kazi inayofundishika. Unataja jina lako na uko wapi, unamtaja mgonjwa, unasema ulichokiona kwa sentensi moja, unapendekeza badala yake. Daktari usimpelekee tatizo tupu, mpelekee na jibu mkononi. "Dokta, naomba nipendekeze sefotaksimi kwa dozi hii" ni sentensi ya maneno machache, ila kwa mtarajali wa mwezi wa pili ni kupanda Kilimanjaro na kandambili.

Tukifika kwenye orodha zenyewe, nina ugomvi nazo. Ukiwapa wataalamu kalamu waandike umahiri wote wa mfamasia, watakuletea vipengele mia na zaidi, na kila kimoja kitakuwa cha kweli. Vipande vikiwa vidogo hivyo, mtu anaweza kupata vema kwenye kila kimoja na bado usimwachie duka. Ni kama kumpima mpishi wa pilau kwa kumwuliza kama anaweza kumenya kitunguu, kama anaweza kupima maji, kama anaijua binzari nyembamba. Pilau yenyewe hukuionja.

Kwa hiyo mimi ni wa kundi la yule Mholanzi wa Utrecht, Olle ten Cate, ambaye tangu 2005 anasema pima kazi nzima nzima ambazo mtu anaweza kukabidhiwa. Ngazi zake ni tano, na nikizisema kwa lugha ya stoo yetu ziko hivi: atazame tu, afanye nikiwa begani kwake, afanye nikiwa chumba cha pili, afanye peke yake, amsimamie mwenzake. Swali moja tu unajiuliza mwenyewe kwa kila kazi: je, mimi niende nyumbani nikalale? Kwa mwaka mmoja wa utarajali kazi kama kumi zinatosha. Kutoa dawa na maelezo kwa mgonjwa wa nje. Kupitia dawa za mgonjwa wodini na kumfuata daktari. Dozi ya mtoto kwa uzito. Kabati la mofini na daftari lake. Kuagiza dawa za kituo kizima. Nyingine kila kituo kinazijua.

Hiyo ya kuagiza watu huidharau, wanaiona ni ya ukarani. Lakini ukimpeleka kijana wilayani bila kuiweza, utawaumiza wengi kuliko atakaowakosea dirishani. Chukua metfomini, dawa ya kisukari. Kwa siku tisini kituo kimetoa vidonge 9,000. Mtarajali anagawa kwa tatu, anapata 3,000 kwa mwezi, anaagiza kwa hesabu hiyo. Leja ukiifunua inaonyesha dawa ilikwisha na rafu ikawa tupu siku thelathini. Maana yake vidonge 9,000 vilitoka kwa siku sitini: 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Aliyeagiza kwa 3,000 ameshapanga uhaba wa safari ijayo, na uhaba huo utaficha mahitaji ya kweli tena, na safari ya tatu ataagiza pungufu vile vile. Wagonjwa wataambiwa Bohari ya Dawa ya serikali haina dawa, wakati kosa liko kwenye mstari mmoja wa hesabu. Nimekutana na wahitimu wenye alama za juu ambao hawakuwahi kuambiwa waifungue hiyo leja. Kitabu chao kiliandika "kushiriki kuhesabu stoo". Walishiriki kweli, walibeba maboksi.

Sasa nani wa kutazama? Hapo ndipo mambo yote hukwama, na ndipo semina hazipendi kukaa muda mrefu. Msimamizi wa watarajali kwenye hospitali zetu nyingi ni mfamasia yule yule anayeongoza kitengo, anayehudhuria kamati ya dawa, anayefuatilia oda, anayetafutwa na mganga mkuu kila dawa ikikosekana. Usimamizi wa vijana ni kazi ya juu ya kazi, haina saa zake kwenye ratiba, haimo kwenye malipo, na hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kuwa alimtazama mtarajali vizuri. Wengi wetu hatukufundishwa hata kutoa maoni. Tunajua kusifia na tunajua kufoka, katikati hapana kitu.

Nasikia hoja ya wakubwa wangu: sisi tulifundwa hivyo hivyo, kwa kukaa na kuona, na mbona tuko? Ni kweli wapo. Ila walipokuwa wao, darasa zima lilikuwa la wachache, na mwalimu aliyekufundisha Muhimbili ndiye uliyekutana naye kwenye korido ya famasi. Alikujua kwa jina na kwa udhaifu wako. Alipokusaini, alisaini anachokijua. Leo vyuo vinavyotoa shahada hii viko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko, vijana ni wengi, na hospitali ya kuwapokea ni ile ile. Kukaa na kuona kulitosha pale mkubwa naye alipokuwa anakuona.

Halafu kuna la pesa. Mtarajali ni mwanafunzi kwenye karatasi, lakini ukimtoa dirishani Jumatatu asubuhi foleni inafika getini. Ni mikono. Kwa lugha ya kituo cha daladala tungemwita deiwaka: anashika usukani mwenye gari akiwa hayupo, na hesabu inatakiwa iwe kamili. Kenya jambo hili lilitoka nje hadharani. Machi 2024 chama cha KMPDU, chenye madaktari, wafamasia na madaktari wa meno ndani ya mwavuli mmoja, kilianza mgomo uliodumu siku 56, na moja ya mizizi yake ilikuwa watarajali: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi badala ya zaidi ya laki mbili zilizomo kwenye makubaliano ya 2017. Magazeti ya kule huwaita wanagenzi, neno la Keko. Katika kelele za fedha swali moja lilikaa wazi bila kusemwa: kama hawa ni wanafunzi tu, mbona hospitali zinatetereka wasipokuja?

Zinatetereka kwa sababu tumeujenga mfumo juu ya mabega yao, na mfumo wa namna hiyo haupendi kusikia kwamba fulani hajaiva. Fikiria nikiandika kwa ukweli kwamba mtarajali wangu, baada ya miezi kumi na miwili, bado haaminiki kwenye dozi za watoto. Nini kinafuata? Posho yake imekoma. Nafasi yake imeshapangiwa mwingine. Wazazi wake wanasubiri kijana aanze kazi awasomeshe wadogo zake. Mimi nitaonekana nina roho mbaya, na huenda kukawa na simu kutoka kwa mjomba. Kwa hiyo nasaini. Umahiri unaopimwa ndani ya bajeti ya kalenda utakuwa ni kalenda tu, iliyovaa suti mpya. Wanaotaka mabadiliko haya kwa dhati waanze na senti hizo: posho ya miezi mitatu ya akiba kwa atakayehitaji, bila kumwita aliyefeli. Fungu lenyewe haliwezi kuwa kubwa hivyo, maana wengi wataiva ndani ya mwaka, na wapo watakaoiva mapema.

Afrika Kusini wamejaribu njia yao. Baada ya shahada ya miaka minne, mhitimu anafanya mwaka wa utarajali ambamo anapeleka ushahidi wa kazi zake kwa Baraza la Famasi la nchi hiyo, anafanya mtihani, kisha anatumikia jamii mwaka mwingine mzima katika vituo vya umma kabla ya kufanya kazi kwa uhuru kamili. Kinachonivutia kwao ni hicho kitu kidogo cha kuandika: husemi tu "nimetoa ushauri", unaeleza mgonjwa huyu alikuwa na nini, nilifanya nini, nilikosea wapi. Uingereza nao wamepandisha mzigo. Kuanzia mwaka 2026 mfamasia mpya anasajiliwa akiwa na ruhusa ya kuandika dawa mwenyewe. Ukimpa mtu kalamu ya kuandika, huwezi tena kuridhika na mahudhurio. Hapa kwetu kalamu hiyo hatujampa, ingawa kila anayeishi uswahilini anajua nani hasa huwachagulia watu dawa saa mbili usiku, zahanati zikiwa zimefungwa.

Nisiposema na la kwetu wenyewe nitakuwa nimewabebesha wengine mzigo wote. Kumtazama mtu hakuhitaji nusu siku. Mgonjwa mmoja dirishani ni dakika nne. Ukimtazama mtarajali wagonjwa wawili kwa wiki, ukakaa naye dakika tano mkaongea, kwa miezi mitatu umemwona mara ishirini na nne. Hiyo inatosha kujua kama utalala usingizi. Na asiwe mimi peke yangu. Fundi dawa sanifu aliyekaa dirishani miaka kumi na tano anaona makosa ambayo mimi siyaoni tena. Yule mama wa wodi ya watoto angeweza kuniambia mengi kuhusu kijana wangu kama ningewahi kumwuliza. Aliona katika nukta moja kile ambacho kitabu changu kilikificha miezi miwili. Lakini safu ya saini inataka mfamasia mwenye namba ya usajili, basi, sauti ya muuguzi haina mahali pa kuandikwa.

Siku hizi nina daftari dogo la jalada gumu, lile la kununua dukani mtaani. Kila ninapomtazama mtarajali naandika tarehe na nilichokiona, kwa maneno mafupi. "Mseto, bibi, kaelewa baada ya kurekebishwa." "Kampigia daktari kuhusu jentamaisini, hakutaja uzito, arudie." "Leja kaifungua mwenyewe bila kuambiwa." Siku kitabu kikija, nafungua daftari kwanza. Mistari isiyo na kitu daftarini naiacha wazi hata kwenye kitabu, na Ijumaa zangu zimekuwa na maneno kidogo.

Tuliye naye sasa amebakiza wiki saba. Ni mpole, mwenye kichwa chepesi, na mstari wake wa kumpigia daktari ulikuwa mtupu mpaka juzi. Juzi nimeingia stoo ndogo nikamkuta na simu ya mezani sikioni, mgongo ameupa mlango. Ametaja jina lake. Ametaja mgonjwa, kitanda, uzito. Akasema alichokiona kwenye karatasi. Halafu kimya, upande wa pili mtu anaongea, kwa sauti ya juu kidogo. Kijana akageuka, macho yetu yakakutana. Nikachukua furushi la bahasha nikaanza kuzihesabu. Akarudi kwenye simu: "Sawa Dokta, nimekuelewa. Ila naomba nipendekeze..."